Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sikumuua mtu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo nikipita kwenye barabara ile ya kushuka Nile watu wananinyoshea vidole: ndiye huyo, yule wa baiskeli. Nawasalimu, wanaitika vizuri, halafu wananiuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani wote wazima. Najibu kwa hasira kwamba wote ni wazima, mmoja mmoja, mpaka paka. Wanatikisa kichwa kwa huruma.

Aliyeanzisha yote haya ni daktari mmoja wa pale Arua, kijana wa juzi tu, aliyeniambia kwamba sukari imeanza kunibishia hodi. Alisema duka langu la rangi, ninapokaa kitako kutoka asubuhi hadi jioni, litanimaliza. "Mzee, fanya mazoezi," akasema. Mzee! Nikamwambia mazoezi ni mambo ya askari, na askari kwetu alikuwa Baba. Sisi tulizaliwa kambini, tukakijua Kiswahili kabla ya lugha ya nyumbani, na mbio za alfajiri Baba alikimbia kwa niaba ya ukoo mzima. Daktari hakucheka. Akasema basi nipande baiskeli.

Wakati ule kulikuwa na mzungu mmoja wa shirika la misaada anayefunga virago kurudi kwao, anauza kila kitu mpaka vijiko. Nikanunua baiskeli yake. Ilikuwa ya mashindano, tairi jembamba kama kidole, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na nyuma hakuna keria. Juu ya bei akaniongezea kaptura yake ya kubana na kofia ngumu yenye matundu. Nilipoifikisha nyumbani, mtaa wa Oli hapo Arua, mke wangu aliizunguka polepole, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Na mzigo unafungwa wapi?"

"Haina mahali pa mzigo."

"Sasa ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya afya. Akaitazama tena pale nyuma, akaenda zake jikoni.

Sasa, mtu akitaka kuendesha baiskeli kwetu bila kufa, lazima achague barabara. Barabara ya Koboko ni lami safi, inateleza kama mafuta, na ndiyo maana kila lori la Sudan Kusini na kila lori la Kongo liko juu yake. Niliijaribu mara moja. Lori likanipita karibu mno, upepo wake ukanichukua, nikajikuta nimekaa katikati ya muhogo wa watu wa Manibe. Hawakukasirika, walinipa chai. Barabara ya Adumi nayo si mbaya, ila lazima uende siku isiyo ya soko, na kwa bahati yangu kila siku niliyofunga duka mimi, wao walikuwa wamefungua soko. Nilipita katikati ya mbuzi na mabunda ya vitenge na ile kaptura yangu, mama mmoja wa Kikongo akanishika usukani, akanitazama kuanzia kofia hadi magoti.

"Eh, papa! Mutu muzima, unatoka ivi? Bibi yako iko anajua?"

Soko zima likacheka. Sikurudi Adumi.

Ikabaki ile ya mashariki, inayoteremka hadi kwenye hifadhi ya wanyama kando ya Nile. Jamani, hiyo ndiyo barabara! Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, malori hayana shida nayo kwa sababu mwisho wake hakuna kitu ila mto na wanyama. Unaweza kwenda muda mrefu usikutane na mtu isipokuwa kanga wanaokimbia mbele yako wakidhani unawafukuza, au mtu mmoja na magunia yake ya makaa, au nyani amekaa kando ya njia kama anasubiri basi. Ukifika ukingoni mwa mteremko, nchi inafunguka chini yako yote, majani mpaka majini, na upepo unapanda una harufu ya moshi na samaki. Mara ya kwanza nilisimama pale nikasahau sukari.

Tena huko chini nilikuwa na mahali pa kulala. Shangazi yangu, dada mdogo wa Baba, aliolewa na askari mwenzake Baba, na yule bwana alipoacha jeshi akapata kazi ya kulinda wanyama. Alifariki, Shangazi akabaki kwenye kijiji kile mpakani mwa hifadhi. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nashuka, nalala kwake, Jumapili napanda polepole nikitukana.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kwetu halikuwa likisemwa. Baba na Shangazi walikuwa hawaonani. Bibi, mama yao, alifia Koboko, nyumbani kwa Baba, na sisi ni Waislamu, maiti hacheleweshwi. Mtu alitumwa kwa baiskeli kumwita Shangazi, mnyororo ukakatika njiani, na Shangazi alipofika alikuta udongo umekwisha kurundikwa juu, bado mbichi. Alimwendea kaka yake mbele ya watu wote. "Hukuningoja," akasema. Hakuingia ndani, hakunywa hata maji, akageuka akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga Koboko tena. Baba naye ni askari wa zamani, hajielezi kwa mtu. Miaka ikapita juu ya neno lile moja.

Na sasa Baba alikuwa mzee, kifua kimemchoka, moyo unapiga unavyotaka. Ukoo mzima tulijua kumebaki kitu kimoja tu, wale wawili waonane kabla mmoja hajatangulia. Hakuna aliyethubutu kusema. Nilipokwenda Koboko kumjulia hali, Baba alikuwa akingoja mpaka niwe nakaribia kuaga, kisha huuliza akitazama pembeni, "Barabara ya kule iko aje?"

"Iko nzuri, Baba."

"Haina mashimo?"

"Haina."

Hutikisa kichwa na kuomba aletewe maji. Na nikiwa kwa Shangazi, anachambua samaki, naye huuliza kama ile ya Koboko bado ina malori. Namwambia malori yamezidi. Anasema, "Ajiangalie basi, asivuke hovyo." Hizo ndizo zilikuwa salamu zao, na mimi na kaptura yangu ndiye niliyezibeba. Iliniuma sana.

Turudi barabarani. Safari yangu ya kwanza nilishangazwa na adabu ya watu wa kule. Wanaume walinivulia kofia. Wenye majembe waliyalaza chini. Bibi mmoja mwenye chungu kichwani alipiga magoti na chungu chake. Waliniuliza, "Nani?" nami, nikihema, nikajibu, "Hakuna, natembea tu." Kila mahali hivyo hivyo. Hakuna, natembea tu. Walinipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata dukani kwangu.

Nilipomsimulia Shangazi, alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"We mtoto wa kaka, umeua watu wangapi leo?"

Ndipo akanieleza. Kule baiskeli ni mnyama wa mzigo. Inabeba makaa, muhogo, mgonjwa, bibi harusi, kitanda. Baiskeli inayokwenda mbio bila kitu nyuma inabeba kitu kimoja tu, habari ya kifo. Na mjumbe wa kifo haruhusiwi kutamka njiani, kwa sababu mwenye msiba ndiye wa kwanza kusikia. Akiulizwa, lazima akatae. Lazima aseme: hakuna, natembea tu.

Haya, niambie, mtu kama mimi atajitetea vipi? Ukikataa, umekubali. Ukieleza kwamba ni mazoezi, wanakusifu kwa kujua kuficha. Mtu atoke Arua mpaka Nile, ajichoshe bure, arudi na jasho lake, mikono mitupu? Uongo huo hata mtoto hauamini.

Kwa hiyo nikaanza kufunga mzigo. Keria haipo, nikajifunga mwilini. Siku moja nilibeba kuku, amefungwa kwenye usukani, anatazama mbele kama nahodha. Siku nyingine nilibeba kiti cha plastiki mgongoni, miguu yake imetazama juu. Na mtakubali msikubali, siku ya kiti hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu. Mtu aliyevaa kaptura ya kubana, kofia yenye matundu, na kiti mgongoni, kwao alikuwa mpita njia wa kawaida. Walinipungia mkono na kuendelea kulima.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilikuwa na kichane kikubwa cha ndizi mbivu, nimekifunga kifuani kwa kitambaa, zawadi ya Shangazi. Nilifika pale ukingoni, nikasimama ninywe maji. Nyani wakatoka majanini. Kwanza mmoja, akakaa. Halafu wengine, wakakaa. Nikawaambia, "Endeni huko," kwa sauti ya kiume kabisa. Dume lao likanisogelea, likatazama ndizi, likanitazama mimi, likafunua meno. Enyi watu, meno yale! Nilifungua kitambaa mwenyewe nikawarushia. Lakini kulikuwa na nyani wengi kuliko ndizi, na waliokosa wakaona labda nimeficha nyingine ndani ya kofia. Nikavua kofia nikaitupa, nikarukia baiskeli, nikateremka mlima ule kama nimetumwa na shetani.

Nilipita kwenye maduka ya kijiji cha kwanza kichwa wazi, macho yamenitoka, bila kofia, bila ndizi, bila kitu. Watu wakasimama wote kwa pamoja. "Nani?" mmoja akapiga kelele. Sikuwa na pumzi hata ya kukataa. Nikanyosha tu mkono mbele, maana yake niacheni nipite. Mbele huko nilikonyoshea ni kwa Shangazi, na kila mtu alijua mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwamba kaka yake huko Koboko ni mgonjwa.

Nilipovuka daraja dogo tairi likapasuka. Nikailaza baiskeli chini ya mkwaju, nikaanza kubandika kiraka. Nikiwa pale watu wakaanza kunipita. Bodaboda ikapita na akina mama watatu juu, wamejifunga vitenge kichwani. Wazee wakapita kwa njia ya mkato. Kila mmoja aliniambia, "Pole, pole sana." Niliguswa. Nikawaza, hawa watu wana utu, tairi tu hili limewahuzunisha. "Asante," nikawaambia, "ndiyo dunia." Mzee mmoja akanishika bega, machozi yanamlenga. Hata hapo, kwa akili zangu zote, niliona tu kwamba amezidisha.

Nilipofika, uwanja wa Shangazi ulikuwa umejaa. Wanawake wanalia. Shangazi mwenyewe yuko chini, kwenye vumbi, kilemba kimeanguka, anapiga ardhi kwa viganja. Nikaiachia baiskeli ikaanguka huko.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Jirani yake, mama wa Kikristo aliyekuwa akisali naye kila mmoja kwa kitabu chake, akanikumbatia kwa nguvu.

"Baba yako, mwanangu. Jikaze."

Nilikaa palepale nikalia kama mtoto. Baba yangu! Nami huku nacheza na nyani! Na hakuna aliyeona ajabu. Walisema mjumbe hujikaza njiani na huvunjika akishafika, ni kawaida. Nililia mpaka kamasi, halafu swali likanijia, kama linavyomjia mtu akishachoka kulia.

"Nani ameleta habari?"

Wakatazamana. "Wewe," wakasema.

"Mimi nimesema nini?"

"Hujasema. Umefanya vizuri." Na mzee yule aliyenishika bega akaongeza, "Tangu nizaliwe sijaona mutu anabeba habari kimya namna ile. Iko mafunzo ya jeshi."

Nikasimama. Nikawaeleza habari ya nyani tangu mwanzo hadi mwisho, ndizi, meno, kofia. Nikawaonyesha kitambaa kitupu. Walinisikiliza kwa upole. Wanawake wakaanza kulia upya, kwa sababu mtoto wa marehemu ameanza kuweweseka.

Kijiji kile simu haishiki mtandao isipokuwa juu ya kichuguu kimoja nyuma ya msikiti. Nikapanda kichuguu na ile kaptura yangu, umati umenizunguka chini, nikampigia Baba. Imezimwa. Sasa mimi najua Baba huzima simu siku nzima ili betri isiishe, yeye huiwasha tu anapotaka kumgombeza mtu. Nalijua hilo vizuri. Lakini simama wewe juu ya kichuguu, kijiji kizima kinamlilia baba yako, kifua chake unakijua, na simu haiiti. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilishuka nimeamini.

Shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa ameacha kulia, na uso wake ulinitisha kuliko kilio.

"Ilikuwa mama," akasema. "Sasa ni kaka. Mara hii hawatafukia bila mimi. Lori!"

Palikuwa na lori la makaa linapakia kando ya barabara. Shangazi, mama mnene wa haki, alipanda juu ya magunia bila kusaidiwa. Nyuma yake wakapanda majirani, wazee, jirani wa Kikristo na kitabu chake, na baiskeli yangu ikarushwa juu yetu. Tukaondoka tukilia. Njia ile yangu tulivu, isiyo na gari, siku hiyo ilikuwa na lori moja linalopiga mayowe, na kila mlango watu walisimama wakivua kofia. Shangazi alikuwa akisema neno moja tu njia nzima: "Waningoje. Waningoje." Vumbi la makaa lilitufanya sote weusi wa aina moja.

Tulipoingia Arua mtandao ukarudi. Nikampigia dada yangu, anayemtunza Baba pale Koboko. Huku nyuma kilio kimepamba moto, nikapiga kelele: "Niko na Shangazi kwenye lori! Tunakuja kuzika! Waambie wangoje, wasifukie!" Dada yangu akapiga ukelele mmoja mrefu, simu ikakatika.

"Analia?" Shangazi akauliza.

"Analia."

"Basi ni kweli."

Sasa hebu jiweke mahali pa dada yangu. Amekaa barazani anamenya karanga, Baba yuko pembeni yake mzima wa afya, au tuseme mzima wa afya yake ile ile. Simu inalia. Kaka yake analia, lori zima linalia, na anaambiwa: niko na Shangazi kwenye lori, tunakuja kuzika. Atafahamu nini? Wewe ungefahamu nini? Alimgeukia Baba, akamwambia kwamba dada yake amefariki na maiti iko njiani inaletwa Koboko, kulala karibu na mama yao. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa juu ya makaa, namlilia mtu aliyekuwa akivaa viatu.

Kutoka Arua kwenda Koboko siku hiyo ilikuwa adhabu. Malori mbele, malori nyuma, Manibe tulisimama mpaka Shangazi akaanza kupiga paa la dereva kwa ngumi. "Endesha!" Dereva akatoa kichwa, akasema, "Mama, mbele iko lori." "Kata kona!" "Kona iko na lori." Jua lilikuwa linateremka, na kwetu kila mtu anajua, alasiri ikipita watu wanataka kumaliza. Shangazi alilitazama jua, machozi yakachora mistari kwenye masizi. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema taratibu. Nilitamani kushuka nikapande baiskeli yangu nitangulie kuwashika mikono wale wachimbaji wa kaburi.

Tulipofika nyumbani Koboko, kama kulikuwa na mwenye shaka, iliisha. Uwanja umejaa watu. Mikeka imetandikwa. Sufuria kubwa zipo motoni. Na nyuma ya nyumba, pale kwenye kaburi la Bibi, udongo mwekundu ulikuwa unaruka juu, jembe baada ya jembe. Wanachimba. Kilio chetu kilikutana na kilio chao katikati ya uwanja, na watu wakaanza kukumbatiana na kupeana pole bila kuulizana ya nani.

Shangazi hakumkumbatia mtu. Alishuka kwenye lori, akawasukuma wote, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilimkimbilia nimshike asijitupe shimoni. Tulipokata kona tukaisikia sauti.

"Ongeza upana! Ile mama iko mnene."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni mwa shimo, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, macho mekundu, anawaamuru wachimbaji kama yuko kambini.

Shangazi akasimama. "Nani iko mnene?"

Baba akageuka. Wachimbaji walitoka kwenye lile shimo kwa namna ambayo sikujua binadamu anaweza, na mmoja wao tulimwona kesho yake. Mimi nilishika ukuta. Baba yangu, niliyemlilia tangu mchana, ananitazama mimi mweusi wa makaa, nina kaptura ya mzungu, halafu anamtazama dada yake.

"Wewe si uko kwenye lori?" akauliza.

"Nimeshuka."

"Umekufa?"

"Mimi? Wewe ndiye umekufa! Nimekuja kukuzika!"

Baba akafikiri. Alifikiri kwa utaratibu, kama askari aliyepewa amri mbili zinazopingana. "Nani alileta habari?" akauliza mwisho. Watu wote wa lori wakaninyoshea mimi kidole. Watu wa Koboko wakamnyoshea dada yangu, na dada yangu akaninyoshea mimi.

"Ni nyani, Baba," nikasema. "Walichukua ndizi."

Hakuna aliyenisikiliza. Kule nyuma kuna waliocheka, na jirani wa Kikristo akaanza wimbo wa shukrani peke yake. Lakini Shangazi alikuwa anatazama kando ya shimo, kaburi la Bibi. Alikuwa ameliacha rundo bichi. Sasa lilikuwa limezungushiwa matofali, majani mafupi juu, limefagiliwa. Hakuwa ameliona hivyo. Halafu akatazama lile shimo jipya, ubavuni kabisa mwa mama yao, na sote wa nyumba ile tukajua anachokiona. Mahali pale Baba alikuwa amepawekea vigingi vinne tangu zamani. Alikuwa ametukataza hata kuanika nguo pale. Alisema ni pake.

"Hii nafasi ya nani?" Shangazi akauliza.

"Ilikuwa yangu," Baba akasema. "Nimekupa."

"Na wewe?"

"Mimi nitapata ingine."

Kicheko cha nyuma kikakatika. Shangazi akaligeukia jua.

"Na mlikuwa mnizike saa ngapi? Jua si hilo linazama?"

"Nimegombana na shehe," Baba akasema. Shehe alikuwa palepale, akainamisha macho, ilionekana hakushinda. "Nimewaambia, hata ikiwa kesho. Hakuna mutu atagusa udongo huu mpaka wewe ufike." Sauti ikamkatika. Sijawahi kumsikia Baba sauti ikimkatika, hata alipostaafu, hata alipomzika Mama yangu.

Shangazi akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akazidi kujipaka makaa.

"Nimefika, Kaka," akasema.

Baba akaiacha fimbo ikaanguka shimoni. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamkalisha kwenye kile kiti, yeye akakaa chini kwenye udongo, na hakumwachia hata chai ilipoletwa.